Panya katembea tena, mdogo wangu bado: kwa nini?

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Mdogo wangu aliteleza juu ya mkarafuu akaanguka, sasa ni mwezi wa nane. Aliumia mgongo, miguu haina nguvu, mkojo unatoka kwa mpira. Mwezi uliopita alianza kusema anahisi kitu kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nyumbani wengine wanasema ni mawazo tu. Mimi kila baada ya muda naletewa kwenye simu habari kwamba panya aliyepooza ametembea tena baada ya kupandikizwa seli. Kama panya anatembea, watu wanangoja nini? Panya na mtu ni sawa kweli? Kuna hospitali ya nje inasema inazo sindano hizo hizo, nasi tunafikiria kuuza kipande cha shamba. (Msomaji, Pemba)

JIBU: Waaleikum salaam. Pole wewe, pole mdogo wako, na pole wanaomgeuza kitandani usiku, maana hao huwa hawatajwi. Nitaanza na la mwisho, kwa sababu shamba likishauzwa halirudi: msiuze. Sababu nitakupa, ila itabidi tupite kwanza kwa huyo panya, kwa kuwa hospitali hiyo inafanya biashara kwa mgongo wake.

Tuelewane maneno kidogo. Uti wa mgongo ni ile safu ya pingili za mfupa unayoipapasa kwa mkono. Ndani ya pingili, kama utambi ndani ya bomba, unapita ugwe wa mgongo: kamba laini ya neva, kwa mtu mzima nene kama kidole cha mwisho, urefu wake karibu sentimita 45. Mfupa ukivunjika huunga. Ugwe ukipondeka hauungi, na ugomvi wote uko hapo.

Panya wa kwenye habari hakuanguka mtini. Nilikaa miaka kadhaa katika maabara ya aina hii, kwa hiyo ngoja nikuoneshe mambo yanavyokwenda. Panya, mara nyingi jike wa miezi mitatu hivi, anapewa nusu kaputi. Akishalala kabisa ananyolewa mgongo, ngozi inapasuliwa, misuli inasogezwa kando, na mpasuaji anaumega mfupa wa pingili ya tisa au ya kumi ya kifua kwa kikoleo kidogo, chembe baada ya chembe, mpaka ugwe uonekane. Ni mweupe, unang'aa, una mshipa mwembamba wa damu katikati, na upana wake ni kama milimita tatu tu. Pingili za juu na za chini zinabanwa asitikisike. Kisha ufito wa chuma wa gramu 10 unaachiwa kutoka kimo cha milimita 12.5, au 25 wakitaka jeraha kubwa zaidi. Basi. Hata mlio husikii. Mkia unaruka mara moja, miguu ya nyuma inafurukuta, na doa jekundu linaanza kutanda pale palipogongwa. Kompyuta inaandika ufito ulishuka kwa kasi gani na uliingia kina gani. Kipimo kikipotoka, panya huyo anatolewa kwenye hesabu.

Hiyo ndiyo modeli ya mnyama. Haikukusudiwa kumwigiza mdogo wako. Imekusudiwa kutoa jeraha lile lile kila mara, ili kundi lililopewa dawa na kundi lisilopewa yatofautiane kwa dawa peke yake. Mdogo wako aliangukia uzito wake mwenyewe. Pingili ikapasuka, vipande vikasukumwa ndani, na ugwe ukakaa umebanwa mpaka alipofikishwa kwa mpasuaji, kama alifikishwa. Panya amefunguliwa mfupa kabla hajaumizwa, kwa hiyo ugwe wake unapovimba una pa kuvimbia.

Wanafunzi wapya hudhani kazi ngumu ni upasuaji. Kazi ngumu ni kibofu. Panya aliyeumia ugwe hawezi kukojoa, kwa hiyo asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, mtu lazima aende akamshike tumboni kwa vidole viwili, akipapase kibofu kilichojaa kama zabibu, akikamue taratibu bila kukipasua. Ukikosa zamu moja, kesho yake unakuta mkojo una damu. Baada ya wiki moja au mbili kibofu kinaanza kujikamua chenyewe. Majike hutumika kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi: ni rahisi kuwakamua na hawapati maambukizi sana. Ona kichekesho chake: wanaoumia ugwe duniani wengi wao ni wanaume, vijana wa pikipiki na wa kupanda miti, lakini dawa zao kwa miaka mingi zimejaribiwa kwa majike, na sababu ni urefu wa njia ya mkojo.

Sasa tuje kwenye hilo neno "ametembea". Mwaka 1995 Michele Basso, Michael Beattie na Jacqueline Bresnahan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitoa kipimo kinachotumika hadi leo, chenye alama kuanzia 0 hadi 21. Watu wawili wanachuchumaa kando ya beseni pana la plastiki, aina ile ya kuchezea watoto maji, wanamtazama panya kwa dakika nne. Hawajui alipewa dawa au maji ya chumvi yasiyo na dawa, anayopewa yule wa kulinganishia. Alama 0 ni mguu usiocheza hata kidogo. Alama 9 ni panya anayeweza kukanyaga kwa wayo na kubeba uzito wake akiwa amesimama tu. Alama 10, anapiga hatua mara moja moja. Alama 14, anatembea na miguu ya nyuma inakwenda sambamba na ya mbele bila kukosea. Alama 21 ni panya mzima. Kundi la dawa likipata wastani wa 11 na kundi la maji ya chumvi likapata 9, hiyo ni tofauti ya kweli, inafaa kuchapishwa na kupigiwa makofi. Inapofika kwenye simu yako imeshakuwa "panya aliyepooza ametembea tena".

Na kuna jambo ambalo habari hizo haziwaambii watu kabisa: yule panya wa maji ya chumvi naye anapona kiasi. Aliyegongwa kwa nguvu ya wastani, ukimwacha bila dawa yoyote, wiki chache baadaye anakanyaga na kujikokota kwa hatua zake. Sababu ni mbili. Kwanza, wanyama hawa wanahitaji nyuzi chache sana za neva zibaki. Moja katika kumi, wakati mwingine chini ya hapo, zinatosha kurudisha hatua. Pili, mashine ya hatua iko chini, ndani ya ugwe wenyewe, wala haimsubiri sana bwana mkubwa ubongo. Paka aliyekatwa ugwe kabisa kifuani, akifunzwa kwa wiki kadhaa juu ya mkanda unaozunguka, miguu yake ya nyuma hutembea ingawa ubongo hauna habari nayo. Kwa mtu mashine hiyo ipo, lakini ni dhaifu na inategemea sana amri kutoka juu. Ongeza kwamba panya ana miguu minne. Nyuma ikilegea, mbele inamshika. Wewe na mimi tumesimama kwenye miguu miwili kama chupa iliyosimamishwa kwa mdomo.

Njia zenyewe hazipiti mahali pamoja. Kwa panya, kamba kuu ya amri kutoka kwenye ubongo inapita upande wa nyuma wa ugwe. Kwa mtu, sehemu kubwa inapita ubavuni. Na urefu haulingani kabisa: uzi wa neva ukiota upya sentimita moja kwa panya umeshavuka jeraha na kupata wa kuzungumza naye upande wa pili. Sentimita moja kwa mdogo wako haijatoka hata nje ya kovu.

Halafu kuna saa. Maabara dawa iko tayari kwenye sahani kabla ufito haujadondoka. Inadungwa baada ya dakika tano, au nusu saa. Mtu akianguka shambani Pemba saa mbili asubuhi, wenzake wanashuka mitini, wanatafuta ubao au mlango wa kumlaza, wanatafuta gari, wanafika hospitali ya kwanza, wanaambiwa wavuke Unguja. Dawa inayofanya kazi ndani ya nusu saa kwa mtu huyo ni hadithi tu. Na seli nyingi zinazopandikizwa kwa panya hupandikizwa ndani ya siku chache au wiki chache. Jeraha la miezi minane ni jambo jingine: kovu limekomaa, tundu lenye maji limejitengeneza, nyuzi zimejikunja. Majaribio ya majeraha ya zamani ni machache kwa sababu kumtunza panya aliyepooza miezi minane ni gharama, na mwanafunzi anataka ahitimu. Nasema hivyo bila kumlaumu mtu. Nilikuwa mmoja wao.

Utauliza, kama tofauti ni kubwa hivyo, wanyama wanaumizwa kwa faida gani? Ni swali la haki, na mimi sitalijibu kwa kusema kila jaribio lina faida. Mengine hayakuwa nayo. Lakini chukua la kwanza kabisa. Mwaka 1911, Philadelphia, daktari Alfred Reginald Allen aliwalaza mbwa, akafungua pingili, akadondosha uzito juu ya ugwe kutoka kimo kinachojulikana. Kabla yake kila mtu alikata au kuponda anavyojua. Allen aliona kitu kilichobadilisha kila kitu: ugwe haufi wote pale pale ulipopigwa. Unaendelea kufa kwa saa na siku, damu na majimaji yakijaa katikati, na mbwa aliowapasua mapema wakatolewa hayo majimaji walipata nafuu kuliko wenzao. Alifariki vitani Ufaransa mwaka 1918, kazi ikiwa haijaisha. Wazo lake, kwamba kuna pigo la kwanza halafu kuna uharibifu wa pili unaoweza kuzuiwa, ndilo linalomfanya daktari leo aharakishe kuondoa mfupa unaobana na kulinda shinikizo la damu lisishuke. Kwa mtu usingeweza kulijua hilo. Nani angekubali ugwe wake ukatwe vipande kila baada ya saa moja utazamwe kwa hadubini?

Wazo hilo hilo lilitupoteza pia. Miaka ya 1980 dawa ya jamii ya steroidi, methilprednisoloni, ilionekana kuokoa ugwe wa paka ikitolewa kwa dozi kubwa na mapema. Mwaka 1990 jaribio kubwa la Marekani lilitangaza kwamba watu waliopewa ndani ya saa nane walipata nguvu kidogo zaidi. Ikaenea kama moto wa makuti. Madaktari wengine waliitoa huku hawaiamini, wakiogopa kushtakiwa. Baadaye takwimu zilipochambuliwa tena ilionekana nafuu ilikuwa ndogo na ilipatikana kwa kuchagua kundi baada ya matokeo kuonekana, huku maambukizi na kutokwa damu tumboni yakiwa ya kweli. Mwaka 2013 mwongozo wa wapasuaji wa mfumo wa neva Marekani ulisema isitumike. Zaidi ya miaka 20 kati ya makofi na kukanusha.

Baada ya majeraha kama hayo, ya kitaalamu sasa, taasisi za afya za serikali ya Marekani zililipia maabara kurudia kazi zilizovuma, mbinu ile ile, wanyama aina ile ile. Ripoti ya mwaka 2012 ilipitia marudio 12. Ni machache tu yaliyotoa tena jibu la awali kwa uwazi. Hakuna aliyekuwa mwongo. Makundi yalikuwa madogo, aliyepima wakati mwingine alijua panya yupi ni yupi, na kazi ambazo panya hawakupona zilibaki kabatini. Habari inayokufikia kwenye simu imeshachujwa mara tatu: na mtafiti, na jarida, na mwandishi anayetafuta wa kubofya.

Ndiyo maana wanyama si mmoja. Kipanya mdogo anatumika kwa kuwa jeni zake zinachezewa kirahisi, lakini jeraha lake linajazwa na tishu ngumu, halitengenezi tundu; panya mkubwa anatengeneza tundu lenye maji kama mtu. Nguruwe, naomba radhi kwa wasomaji wangu wa Pemba, ana ugwe wenye unene karibu na wetu na utando wenye maji mengi kuuzunguka, na watafiti wa Vancouver, Kanada, wamemtumia kupima shinikizo ndani ya ugwe uliovimba. Kima ndiye mwenye mkono unaoshika kama wetu. Kila mmoja anajibu swali lake. Ukimuuliza kipanya swali la nguruwe atakujibu, ila atakudanganya.

Mbwa wanastahili kusimuliwa kidogo. Kuna mbwa wa aina ya dachshund, mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, ambaye diski za mgongo wake huchomoka zenyewe na kuponda ugwe. Hakuna aliyemgonga, ni mgonjwa halali, ana mwenye wake anayempenda, ana jeraha la muda mrefu lisilolingana na la mbwa mwingine. Cambridge, Uingereza, watafiti walichukua mbwa 34 kama hao wa nyumbani, wakatoa seli kwenye utando wa pua zao, wakazikuza, wakawadunga baadhi yao kwenye ugwe. Wengine walidungwa kimiminika tu. Wenye mbwa hawakujua nani kapata nini, wala waliopima. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Mbwa waliopata seli miguu yao ya nyuma ilikwenda vizuri zaidi pamoja na ya mbele. Lakini kibofu hakikurudi, na hapakuwa na dalili kwamba amri za ubongo zimevuka jeraha. Watafiti walisema hivyo wazi. Hilo ndilo jaribio ninalolionesha kila mwaka darasani, kwa kuwa linafanana na maisha kuliko mengi ya panya.

Na sasa upande wake wa pili. Mwaka 2014 jarida la wapasuaji wa mgongo liliripoti habari ya msichana aliyepooza ambaye miaka minane nyuma alipandikizwa tishu ya pua yake kwenye ugwe, nje ya nchi yake. Hakupata nafuu. Alianza kuumwa mgongo, wakampiga picha, wakakuta uvimbe. Walipoufungua ulikuwa tishu ya pua, hai kabisa, ikitengeneza kamasi ndani ya mgongo wake. Kwa mbwa zile seli zilikuzwa na kuchambuliwa. Kwake vilipandikizwa vipande. Tofauti hiyo, ambayo kwenye tangazo la hospitali ni neno moja tu "seli", ndiyo inayoamua mtu anarudi nyumbani na nini.

Lakini usinione nimekuja kuzima taa tu. Kuna njia iliyotoka kwa panya ikafika kwa mtu. Grégoire Courtine na wenzake nchini Uswisi, mwaka 2012, waliwasimamisha panya waliopooza kwa kuweka umeme mdogo juu ya ugwe chini ya jeraha na kuwafanyisha mazoezi. Mwaka 2016 wakaonesha kima. Mwaka 2018 watu watatu wenye majeraha ya miaka mingi walipiga hatua kwa msaada wa umeme huo, na mwaka 2023 Mholanzi Gert-Jan Oskam alitembea kwa vifaa vinavyosoma nia yake kwenye ubongo na kuipeleka kwenye ugwe, akiwa na mikongojo.

Kilichonivutia mimi katika safari hiyo ni mahali ilipokwama. Kwa panya umeme uliwashwa tu, ukaachwa unaendelea, na panya akatembea. Kwa watu mbinu hiyo haikutoa matunda yale yale. Walipochunguza waligundua neva zetu ni ndefu: habari inayopanda kutoka mguuni, ya kuuambia ugwe goti limekunjika wapi, inachukua muda njiani, na umeme unaoshuka kwenye uzi huo huo unagongana nayo na kuizima. Mguu unakuwa kama uliokufa ganzi. Kwa panya njia ni fupi, habari nyingi zinapita kabla ya kugongana. Dawa yake ilikuwa kuwasha umeme kwa vipindi vifupi, mahali panapotakiwa, wakati mguu unapotaka kuinuliwa. Panya alionesha kuwa jambo linawezekana. Tofauti yake na mtu, ilipochunguzwa badala ya kufichwa, ikaonesha namna. Hata hivyo hao wanaotembea hawakimbilii basi. Wanavaa vifaa, wana timu nzima nyuma yao, wamefanya mazoezi miezi kwa miezi. Njia nyingine iliyoanzia kwa panya wa Zurich mwaka 1990, ya kingamwili zinazozuia protini iitwayo Nogo ili nyuzi ziote, ilipita kwa kima mwaka 2006, na majibu ya jaribio la watu yalitoka mwishoni mwa 2024: lengo kuu halikufikiwa, ingawa waliobakiwa na hisia au nguvu kidogo walionekana kufaidi. Miaka 34, na bado inahesabiwa kuwa kazi nzuri.

Jambo moja la Afrika Mashariki nisiliruke, maana linanipa raha. Kwenye majabali ya Laikipia, Kenya, wanaishi panya wa miiba, wadogo, wenye manyoya magumu mgongoni. Ukimkamata mmoja vibaya anakuachia ngozi mkononi anakimbia. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, akiwemo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye baadaye aliongoza chuo hicho, walichapisha kwamba ngozi yao ni dhaifu mara 20 kuliko ya kipanya wa kawaida, na kwamba wakipoteza hata asilimia 60 ya ngozi ya mgongo inarudi na vinyweleo vyake, bila kovu la kawaida. Tundu la milimita 4 sikioni linajiziba, na gegedu ndani yake. Mwaka 2022 watafiti wa Porto, Ureno, walichukua jamaa yao mwenye asili ya Misri, wakamkata ugwe wote. Miguu ya nyuma ilirudi kwenda sambamba. Nyuzi zilivuka mahali palipokatwa, na kovu halikujengeka. Inaonekana ana namna tofauti ya kupanga minyororo ya sukari inayozunguka seli za jeraha. Ni mamalia kama sisi, si samaki wala mjusi. Haina maana kwamba kuna sindano ya panya wa miiba. Ina maana kwamba kutoota kwa ugwe si sheria ya mamalia wote, na jibu la swali limekuwa likirukaruka kwenye mawe ya Laikipia siku zote.

Turudi kwenye shamba. Waandikieni hospitali hiyo mwaulize: seli hizi zinatoka kwa nani na zinakuzwa vipi, zilijaribiwa kwa jeraha la umri gani, wagonjwa walilinganishwa na kundi lipi, na mbona mnatutoza? Jaribio halisi la kitabibu kwa kawaida halimlipishi mgonjwa kitu kinachojaribiwa. Wakikujibu kwa video ya mgonjwa anayenyanyua mguu, kumbuka yule panya wa maji ya chumvi: watu nao hupata nafuu ya wenyewe, hasa mwaka wa kwanza, na anayeuza sindano hujipa sifa yake. Wakati wagonjwa 681 wa Marekani walipoulizwa mwaka 2004 wanataka nini kirudi kwanza, waliopooza mikono walitaja mikono kuliko kitu kingine, waliopooza miguu tu walitaja zaidi mambo ya ndoa, na kibofu na haja kubwa vilikuwa juu kwa wote. Kutembea, ambako maabara zote tulikuwa tunakuhesabu kwenye beseni, hakukuwa juu ya orodha. Muulizeni na mdogo wenu. Huenda sehemu ndogo ya pesa hizo ikinunua godoro na mto mzuri wa kuzuia vidonda vya kulalia, na mafunzo ya kujiwekea mpira mwenyewe na kuutoa badala ya kukaa nao mchana na usiku, itambadilishia maisha mwezi huu.

Na kile kidole. Msikidharau, wala msikisherehekee bado. Kipimeni kama tunavyompima panya. Mfungeni kitambaa machoni. Mtu mmoja aguse kidole gumba cha kushoto kwa pamba mara kumi, na mara kumi nyingine ajifanye anagusa asiguse, mchanganyo usio na mpangilio alioandika kwanza kwenye karatasi. Kila mara aulizwe "sasa?" kwa sauti ile ile, na mwingine asiyeijua karatasi aandike majibu. Asipate kuona wala kusikia chochote kinachomwambia. Fanyeni siku tatu tofauti. Akipatia karibu zote, hayo si mawazo. Chukueni daftari hilo mpaka kwa daktari aliyemhudumia, mumwombe apime upya hisia za ngozi mwili mzima kwa pamba na kwa ncha ya sindano, pamoja na hisia na nguvu ya kubana kwenye njia ya haja kubwa, ambako watu huona aibu na kuruka. Hapo ndipo inapoamuliwa kama jeraha lake limekatika kabisa au limebakiza nyuzi. Atampa herufi, kuanzia A, iliyokatika kabisa, hadi E, ya mtu mzima. Ikiwa si A tena, niandikie, maana mazoezi nitakayokushauri umwombe mtaalamu wa viungo yatakuwa mengine.